Breki za Lori la Monsieur Roger

Maman Odile alinipigia simu mwezi wa nne kuniambia kwamba mumewe, Papa Anselme, amefariki. Aliniuliza kwanza kama nimeshakula, kama anavyouliza siku zote, kisha akasema, “Papa ametuacha, Maman Rehema. Dimanche, nyuma ya messe. Alikaa kwa kiti, akasema niko nachoka kidogo. Njo vile.” Jumapili baada ya misa, ameketi kitini. Nilikuwa katika ofisi ya walimu wa chuo cha ufundi ninakofundisha hapa Mwanza, na uani wanafunzi wangu walikuwa wameinua pikapu kwa jeki wakibishana juu ya breki zake. Niliwaacha wabishane. Watu huniuliza mara kwa mara imekuwaje mwanamke aliyesomea fizikia akaishia kulala chini ya magari, nami huwa na jibu fupi la kuwaridhisha. Jibu refu ni mwaka mmoja nilioukaa Molenbeek, mjini Brussels, nikiwa na umri wa miaka ishirini na kitu, zile siku ambazo sarafu za euro bado zilikuwa ngeni mikononi mwa watu. Tangu simu ile nimekuwa nikiurudia mwaka huo kila nikiketi peke yangu, na ninachokiona kwanza ni soli za viatu vya Papa Anselme zikichungulia chini ya lori, moja imeliwa upande wa kisigino, na sauti yake ikitoka huko chini ikiuliza kama kuna mtu anaweza kumpa spana.

Mume wangu Yusufu alikuwa akisomea udaktari bingwa katika hospitali ya chuo kikuu huko Woluwe. Alitoka asubuhi kupanda metro na kurudi jioni, na kati ya saa hizo mimi nilikuwa na vyumba vitatu virefu vilivyofuatana kama mabehewa, dirisha mbele na dirisha nyuma, na chumba cha katikati chenye giza hata mchana. Tabora nilikuwa nikifundisha fizikia watoto wa kidato cha tatu. Brussels nilikuwa sijui hata kununua chumvi bila kuonyesha kwa kidole. Dirisha la nyuma lilitazama uani, na uani kulikuwa na karakana yenye paa la vioo. Sakafu yetu ilikuwa ya mbao nyembamba. Wiki ya kwanza, nikiwa napasi mashati, nilisikia kutoka jikoni kwa watu wa chini sauti ya mwanamke ikisema, “Leta ile sahani, haiko hii.” Nilizima pasi. Kilikuwa Kiswahili, lakini si cha kwetu: kilikuwa kimejaa Kifaransa, mais badala ya lakini, na ngeli zimelegea kama nati zilizochoka. Nilipiga magoti nikasikiliza kama mtoto mtundu. Kwa muda mrefu hiyo ndiyo ilikuwa redio yangu, na kupitia mbao zile niliwajua Maman Odile na mumewe, watu wa Likasi, Kongo, kabla sijaona nyuso zao.

Niliwaona Jumapili moja ya mvua. Maman Odile alikuwa akipika kwa ajili ya sherehe za Wakongomani, ubatizo, harusi na misiba, na kila Jumapili mumewe alimpeleka mtaa wa Saint-Josse na masufuria yake kwa lori la zamani la Monsieur Roger, mwenye nyumba yetu. Lori hilo liliundwa kabla ya Vita Kuu ya Pili. Baba yake Monsieur Roger alilitumia kusambazia mapipa ya bia kwenye mikahawa, kisha likalala chini ya turubai miaka mingi, hadi Papa Anselme, aliyekuwa fundi katika karakana ya tramu, alipoliamsha. Jumapili hiyo, wakiteremka barabara ya mteremko kule Saint-Josse, Papa Anselme alikanyaga breki, lori likavuta kushoto, likapanda ukingo wa barabara na kugonga nguzo ya taa. Hakuna mpita njia aliyeguswa. Maman Odile alivunjika kifundo cha mkono wa kulia. Alasiri nilisikia kishindo cha sufuria kikifuatwa na kimya, nikashuka ngazi bila kufikiri. Nilimkuta amesimama mbele ya jiko, mkono mmoja ndani ya plasta, mwiko katika mkono wa kushoto, unga umemwagika. Nikasema shikamoo. Alinitazama, akauliza, “Weye ni muntu wa juu? Unajua kusonga bukari?” Nikamwambia kwetu tunaita ugali. Akanipa mwiko. “Basi songa. Mais nguvu, haiko uji.” Tangu siku hiyo, mpaka plasta ilipotolewa na hata baada ya hapo, mimi nilikuwa mkono wake wa kulia.

Nikiwa jikoni mwake ndipo nilipoelewa kwamba kilichovunjika hakikuwa kifundo peke yake. Papa Anselme alikuja kuchukua sahani yake na kwenda kula karakanani, amesimama, sahani juu ya boneti. Hawakugombana mbele yangu. Niliwasikia kutoka juu, kwa zile mbao. “Nilikanyaga, Odile. Nilikanyaga na miguu mbili.” “Ulikanyaga, mais haikusimama. Miye niliona ile nguzo inakuya. Weye uliona?” “Niliona.” “Na ulisema nini? Haukusema kitu. Ulisema pardon kwa ile lori.” Kisha maji ya bomba yalifunguliwa na sikusikia zaidi. Siku nyingine Maman Odile alimwambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba yeye hatapanda tena, si kwamba amekasirika, ila mwili wake umekataa. Jumapili zilizofuata alibeba masufuria yake kwa tramu, nami nikamsaidia, mifuniko imefungwa kwa vitambaa, Wabelgiji wakivuta harufu ya sombe, kisamvu chao, na kutazama kando. Mumewe alibaki nyumbani akiosha lori ambalo haliendi popote. Sasa nimekaa katika ndoa miaka mingi kuliko walivyokuwa wamekaa wao wakati ule, na najua hasira hupoa. Mwili ukishakataa ni jambo jingine, nao hausikii hoja.

Mimi kilichonikosesha raha ni swali dogo, na sioni haya kusema kwamba lilinikaa kichwani kuliko huzuni yao. Kwa nini lilivuta kushoto? Nilimuuliza Papa Anselme siku nilipompelekea chakula. Nadhani alikuwa amechoka kuulizwa kwa nini alimuumiza mkewe. Hili la kwa nini kushoto lilimfurahisha. Aliweka sahani chini, akatandika katoni, akasema, “Kuya uone, Mwalimu.” Nilijifunga kanga vizuri nikaingia chini ya gari kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Hapakuwa na mabomba. Pedali ilivuta ufito wa chuma, ufito ukazungusha mhimili uliolala kukingama chesisi, na mhimili ukavuta fito nyingine nne ndefu, kila moja ikienda kwenye gurudumu lake. Aliugusa kila mmoja kwa mpini wa bisibisi kama anayetambulisha ndugu. “Huyu wa mbele kushoto iko mufupi kidogo, anashika mbele. Huyu wa kuume pini yake imekulwa, anachelewa. Nikirekebisha leo, kesho mvua, barabara mbaya, tena wanaachana. Lori haikukataa kusimama, Mwalimu. Kila roue ilisimama na saa yake.” Kila gurudumu kwa saa yake: nililala pale nikitazama fito zile. Miaka minne nilikuwa nimechora ubaoni mchoro wa breki za mafuta, silinda kubwa na silinda ndogo, nikawaeleza watoto kwamba kimiminika kilichofungiwa kikisukumwa husukuma pande zote sawasawa. Sikuwahi kushika hata moja. Nikasema, kwa kusitasita, kwamba mafuta hayawezi kuchelewa upande mmoja. Akasema kwamba hilo analijua, tramu zake amezizoea, lakini lori si lake.

Lilikuwa la Monsieur Roger, na Monsieur Roger hakutaka fito zibadilishwe na breki za mafuta. Alikaa chumba cha mbele cha ghorofa ya chini, na paka mzee na jiko la makaa ambalo hakulihitaji, na kila nilipopita alinipa kahawa nyepesi na biskuti ya mdalasini, akisema nami Kifaransa taratibu kana kwamba kusema taratibu kungenifanya nielewe. Papa Anselme alinitafsiria. Fito zile, alisema, baba yake alizinyoosha mwenyewe kwa nyundo uani hapa hapa. Wapenzi wa malori ya zamani wakija watacheka, watasema hili si lori tena, ni gari la kisasa lililovaa koti la babu. Baba yake aliteremka vilima vyote vya Brussels na mapipa mgongoni na hakuua mtu. “Na barabara zilikuwa tupu,” Papa Anselme akaongeza kwangu kwa Kiswahili, bila kumtafsiria mzee. Hakuna aliyemshinda Monsieur Roger kwa maneno. Siku moja alileta sufuria ya supu ya liki jikoni kwa Maman Odile, kwa sababu alikuwa mtu mwema na hakujua la kufanya. Maman Odile akamkaribisha, akataka kumpakulia yeye mgeni, akashika upawa kwa mkono wa kushoto, supu ikamwagika mezani. Akapangusa. Akajaribu tena, ikamwagika tena. Mzee alisimama, akauchukua upawa kwa upole, akatupakulia sote, mimi, Maman Odile na fundi, kisha akaketi. Tulikula. Alipomaliza alisema maneno mawili ambayo hata mimi niliyaelewa: “Enlève-les.” Zitoe, zile fito.

Aliyebaki kushawishiwa ni Maman Odile mwenyewe. “Chuma imeshindwa,” alisema, “sasa munaniwekea maji? Maji haina mufupa.” Nikamwomba Yusufu aniletee kutoka hospitali mabomba ya sindano mawili mapya, moja nene na moja jembamba, na mrija wa dripu. Niliyajaza maji nikayaunganisha juu ya meza ya jikoni, mbele ya wote, nikiwa na lile joto la mwalimu anayerudi darasani. Nikasukuma jembamba. Nene halikusogea, mkono ulizama kama unabonyeza mkate. Niliona haya. Papa Anselme aliinamia mrija, akakiona kipovu kimeketi katikati. “Hewa, Mwalimu. Hewa inakubali kila kitu unamwambia, mais haifanye kazi.” Tukaizamisha yote katika beseni, tukaitoa hewa, tukaanza upya. Monsieur Roger alipewa jembamba, Maman Odile akaambiwa azuie nene kwa gumba la mkono wake mzima. Mzee akasukuma kwa kidole kimoja. Gumba la Maman Odile likainuka. Akakaza, likainuka tu. “Ah bon,” alisema, akalitazama lile bomba la plastiki kwa muda. Sisi watatu tulidhani tumeshinda. Kisha akauliza, “Na kama ile mrija inapasuka?” Papa Anselme alikuwa amepanga kufunga masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali, ya namna ya zamani, yenye chumba kimoja, ili lori libaki karibu na umri wake. Kesho yake alianza kutafuta yenye vyumba viwili, kimoja cha magurudumu ya mbele na kimoja cha nyuma, ili bomba moja likipasuka mengine yabaki na kazi.

Kazi ilichukua msimu wote wa baridi, kwa sababu alikuwa na jioni na Jumamosi tu, na kwa sababu vitu vyenyewe vilikuwa vigumu kupatikana. Kwa mkulima mmoja upande wa Aalst, aliyekuwa na uwanja wa malori yaliyovunjwa, tulipata ngoma za breki na vibao vyake kutoka lori la kampuni ile ile lakini changa kidogo, ambalo tayari lilizaliwa na breki za mafuta. Silinda ndogo za ndani ya magurudumu zilikuwa zimeganda kwa kutu, zikatafutwa mpya. Nasema tulipata, kwa kuwa wakati huo nilikuwa nimeshakuwa na ovaroli yangu, ya Papa Anselme ya zamani, miguu imekunjwa. Nilijifunza kupinda bomba la chuma bila kulikunja, kulitanua mdomo ili likae sawa kwenye nati yake, na kulifunga kwenye chesisi lisicheze wala kusuguliwa. La kwanza nililipinda upande usio sahihi. La pili lilikaa. Chini ya paa lile la vioo kulikuwa na baridi ya kuuma meno, na Maman Odile, ambaye hakukanyaga karakanani, alituma chai ya tangawizi ndani ya chupa, akimpa Monsieur Roger ailete. Mzee alikaa juu ya kreti akifuta zile fito kuukuu kwa kitambaa chenye mafuta, moja baada ya nyingine, akazining'iniza ukutani kwa mpangilio zilivyokuwa zimelala chini ya lori. Nikifikiria sasa ni nini kilinibadilisha mwaka ule, naona ni saa zile za kawaida zaidi ya mafanikio yoyote: ile hali ya kujua kitu kwa maneno kwa muda mrefu, kisha siku moja mkono wenyewe ukakifahamu.

Siku ya kutoa upepo nilikaa mimi kwenye kiti cha dereva. Papa Anselme alikuwa kwenye gurudumu la nyuma, lililo mbali kuliko yote. “Kanyaga. Shikilia.” Akafungua skrubu ndogo, mafuta yakatoka na mapovu kwenye mrija wake. Akafunga. “Achia.” Tulirudia gurudumu kwa gurudumu hadi mapovu yakaisha, na pedali, iliyokuwa ikizama hadi sakafuni, ikaanza kuinuka na kuwa ngumu chini ya unyayo wangu. Sijawahi kumweleza mtu vizuri nilivyojisikia. Nilikuwa nimekaa mahali pamoja, na magurudumu yote manne yalikuwa yameshikwa na mguu wangu.

Jaribio la kwanza lilifanyika katika uwanja mtupu kando ya mfereji, Jumamosi asubuhi. Lori lilienda, likasimama vizuri, likanyooka kama rula. Monsieur Roger alivua kofia. Lilienda tena, likasimama. Mara ya nne au ya tano liliondoka kwa uzito, injini ikalalamika, na baada ya kitambo likasimama lenyewe bila kuguswa. Ngoma za magurudumu zilikuwa moto, zinanuka. Tulisubiri zipoe, likaenda. Tukakanyaga mara chache, likajishika tena. Kwa wiki nzima Papa Anselme alifungua na kufunga. Alibadilisha mirija, akakagua springi, akanuna. Nyumbani nilimsikia Maman Odile akiuliza, “Sasa haisimame ao inasimama sana?” Mimi sikujua zaidi yake. Nilikuwa na udadisi tu. Jumamosi iliyofuata, wakati Papa Anselme na Monsieur Roger wako nyuma ya lori, niliketi sakafuni mwa kibanda cha dereva nikaishika pedali kwa mkono, nikaitikisa taratibu. Haikutikisika. Nilikumbuka ile ya fito ilikuwa ikicheza kabla ya kuvuta chochote. Nikaita, “Papa Anselme, hii kwani haina mahali pa kupumzika?” Alikuja, akaingiza mkono, akaitikisa mwenyewe. Akakaa chini uwanjani, mgongo kwenye gurudumu.

Ule ufito mfupi unaotoka kwenye pedali na kusukuma masta silinda, yeye mwenyewe alikuwa ameurefusha. Unatakiwa kuachiwa nafasi ndogo sana, unene wa ukucha, ili mguu ukitoka, mafuta yapate njia ya kurudi kwenye kopo lake. Yeye hakuacha nafasi yoyote. Mafuta yalikuwa yakipata joto, yanatanuka, hayana pa kwenda, yanabana magurudumu. Fundi wa tramu kama yeye alilijua hilo vizuri kabisa. “Nilitaka ishike palepale,” alisema, akitazama mikono yake. “Nikigusa tu, ishike. Nisingoje hata kidogo. Kila saa niko naona ile nguzo, Mwalimu.” Monsieur Roger aliniuliza kwa macho amesema nini, nami kwa Kifaransa changu cha kuokota nikasema, “Il a peur,” ana hofu. Mzee alichuchumaa kwa shida, akamwekea mkono begani. Baadaye Papa Anselme aliingia chini, akaufupisha ule ufito wa pedali, na lori likaenda asubuhi nzima likisimama na kuachia inavyopasa.

Yeye ndiye aliyemweleza mkewe, si mimi. Niliwasikia kutoka juu, maneno machache, halafu kicheko kifupi cha Maman Odile ambacho sikuwa nimekisikia tangu mvua ile. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Maman Odile alitembea hadi uwanjani akiwa amevaa pagne, kitenge chake cha sherehe, na viatu vya kanisani. Papa Anselme alimfungulia mlango wa abiria. Akaupita, akazunguka mbele, akapanda upande wa usukani. “Papa Roger, kuya ukae hapa karibu na miye. Ushike ile frein ya mukono.” Mzee hakujua Kiswahili, ila alielewa ishara ya mkono wake, akapanda na kuishika breki ya mkono. Kisha akamwambia mumewe, “Weye uende pale.” Akaonyesha katikati ya uwanja. Papa Anselme alitaka kusema kitu. “Siku ile miye nilikuwa ndani, weye ulikuwa na pédale,” alisema Maman Odile bila kupandisha sauti. “Leo tunabadilisha.” Mumewe alienda akasimama pale alipoonyeshwa, akageuka kumtazama, mikono imening'inia. Nilitaka kumzuia mmoja wao, sikujua nani. Monsieur Roger alimwelekeza mguu upi uachie klachi, lori lilikurupuka, likazimika, akawasha tena. Likaanza kuja, mwendo wa mtu anayetembea, tani zake zote, na Papa Anselme hakurudi nyuma. Maman Odile aliruhusu lisogee hadi nikaona kivuli cha boneti kinapanda kwenye viatu vyake. Kisha akakanyaga. Lori liliinama kidogo puani, likatulia. Kati ya bampa na suruali ya Papa Anselme pangeweza kupita mtu mmoja mwembamba. Maman Odile alikaa pale akishikilia pedali, halafu akasogea upande wa abiria, akimsukuma mzee kwa nyonga. “Bon,” alisema. “Panda, tuende. Watu beko wanangoja chakula.”

Mimi nilikaa nyuma na masufuria tuliyopitia kuyachukua nyumbani, nikishikilia mifuniko, na kidirisha kidogo cha kibanda kilikuwa wazi. Tulivuka mfereji, tukapanda hadi juu, tukafika Saint-Josse, kwenye barabara ile ile ya mteremko, na manyunyu yameanza. Niliwatazama kwa nyuma, vichwa vitatu. Maman Odile alikuwa amegeuka kwangu, mgongo kwa barabara, akinisimulia habari ya shangazi yake mmoja wa Likasi aliyeolewa mara mbili na mwanamume yule yule, mara ya pili baada ya kumtoza ng'ombe wa pili, na alipofika kwenye lile shauri la ng'ombe aliniuliza kama kwetu jambo hilo linaruhusiwa. Lori lilikuwa likiteremka polepole, linapunguza, linasimama kwenye taa nyekundu, linaondoka, limenyooka katikati ya barabara. Papa Anselme alitazama mbele tu, midomo imefungwa. Tulifika chini, na Maman Odile, bila kugeuka hata mara moja kutazama mbele, bado alikuwa akiningoja nimjibu kuhusu ng'ombe.